Fomu fupi au ukurasa mrefu: upi unaleta watu wanaosoma imeli kweli?

MicheTukuyu
Habari za leo wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela Jumamosi. Mimi nauza miche ya parachichi ya Hass huku Tukuyu, na kila Jumanne natuma imeli ya ushauri wa shamba, mbolea gani iwekwe sasa hivi, mvua imekaaje, bei ya shambani ikoje. Wasomaji wangu wengi ni waajiriwa wa Dar na Dodoma wenye mashamba Rungwe na Njombe, wale wa kulima kwa simu. Sasa nina kurasa mbili za kujiandikisha. Moja fupi, ina picha ya mche, sentensi mbili na sehemu ya kuweka imeli basi. Nyingine ndefu, ina picha za kitalu, maneno ya wateja, mimi ni nani, halafu chini kabisa ndo kuna fomu inauliza jina, imeli, namba ya simu, wilaya na ekari. Kuna kijana wa Mbeya mjini kaniambia nilipie programu ya kupima kurasa, inawagawa wageni nusu huku nusu kule halafu inaonyesha ipi imeshinda, yeye ataisimamia kwa laki na nusu kwa mwezi. Mwingine anasema hiyo hela nibusti tangazo tu Facebook. Wenye uzoefu, nifanye lipi?

kodi_uyole
Mkuu umeacha mambo yote ya msingi. Wageni wangapi wanaingia kwa mwezi? Wanatokea wapi, magrupu ya Facebook, Google au status za WhatsApp? Wangapi kati yao wanaacha imeli? Na wakiiacha wanapata nini? Bila hizo namba kila mtu atakupa anachokipenda yeye.

MamaKahawa_Mbozi
Mimi siwezi kusubiri hizo namba, nasema fupi. Nauza kahawa ya kukaanga kwenye pakiti, fomu yangu ilikuwa inauliza namba ya simu, watu wanaanza kujaza wakifika hapo wanaondoka. Niliitoa hiyo sehemu tu, sikugusa kingine, wakaanza kumaliza. Watu wamechoka na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", ukiwaomba namba hawajui unaipeleka wapi.

Mwakaleli_Boy
Samahani mkuu lakini nani anasoma imeli Tanzania hii? Fungua grupu la WhatsApp, weka linki, jioni una watu mia. Imeli ni ya kufungulia akaunti ya simu mpya tu, wengine hata paswedi hawaikumbuki.

MamaKahawa_Mbozi
@Mwakaleli_Boy grupu la WhatsApp baada ya wiki mbili ni matangazo ya mikopo na picha za misiba, utashinda unafuta na kuondoa watu. Na ukisema utumie orodha ya kutuma kwa pamoja, mwisho ni watu 256 kwa orodha moja, na asiyeisevu namba yako haimfikii. Huyu wateja wake wako maofisini, imeli iko wazi mbele yao kutwa nzima.

Mnyalu_Ipogolo
Kamwene wote. Ngoja nieleze yaliyonikuta maana nilifanya hivihivi anavyotaka kufanya huyu ndugu na nililia.

Natembeza wageni, Isimila, Kalenga na hifadhi ya Ruaha. Nilimlipa mtu anisimamie kurasa mbili. Ya kwanza ilisema weka imeli upate ratiba na bei ya Ruaha siku tatu. Ya pili ilisema weka imeli uingie kwenye bahati nasibu, mshindi anapelekwa Ruaha na mwenzake bure. Siku ya nne tu jamaa ananipigia, bosi ya bahati nasibu imeshinda mara tatu, tuzime ile nyingine. Nikakubali, tena nikaongeza hela ya tangazo. Mwezi mmoja nina majina zaidi ya 900, nikawa naifungua ile orodha usiku naiangalia tu kwa furaha.

Bahati nasibu ikaisha, mshindi akapelekwa, nikatuma imeli ya kwanza ya kawaida ya safari za msimu wa kiangazi. Nyingi zikarudi kwa sababu anwani hazipo, mtu kaandika herufi hovyo ili ashiriki mara mbili mbili. Waliobaki wengi hawakufungua, na waliofungua wengine wakabonyeza spamu, yaani barua taka, kwa sababu hawanijui, walitaka zawadi. Sasa sikujua kumbe Google na Yahoo tangu Februari 2024 wamekaza, anayetuma kwa wingi wanataka malalamiko ya spamu yasifike 0.3%, yaani watu 3 kwenye 1,000. Mimi mtumaji mdogo ila jina langu likachafuka vilevile, imeli zangu hata za mtu mmoja mmoja zikaanza kuangukia spamu. Mwalimu mmoja wa Mafinga aliniomba bei ya kupeleka wanafunzi Isimila, nikamjibu siku ileile, yeye hakuona jibu, akasubiri wiki nzima akachukua mtu mwingine. Nimekuja kujua tulipokutana stendi akaniuliza kwa nini nilimdharau. Nilimwonyesha simu yangu pale pale tarehe niliyomjibu, akafungua yake, tukaikuta kwenye spamu. Ile siku sitaisahau.

Nilifuta karibu wote 900, nikaanza kutuma kwa wale wa zamani tu waliokuwa wananijibu, ilichukua karibu miezi mitano ndo mambo yakanyooka. Kwa hiyo ndugu, usiulize ukurasa upi unaleta wengi. Uliza walioletwa na ukurasa upi bado wanakusoma baada ya mwezi.

MicheTukuyu
Ndaga kaka, pole sana kwa huyo mwalimu. Namba ni hizi. Wageni kama 400 kwa mwezi, wengi kutoka magrupu ya wakulima Facebook, wachache Google. Wanaojiandikisha ni 16 hivi, nikizichanganya kurasa zote mbili. Orodha nzima ni watu 612. Programu ninayotumia kutuma imeli inaniambia wanaofungua ni 48% ila wanaobonyeza linki hawafiki 30. Wanachopata… nimeandika tu "Jiunge upate habari zetu".

kodi_uyole
Hapo sasa tunaongea. Kwanza hiyo 48% usiiamini sana. Programu inajua imeli imefunguliwa kwa kapicha kadogo kasikoonekana ndani ya imeli, kakivutwa inahesabu. Tangu 2021 Apple wanaweza kukavuta wenyewe hata mwenye simu hajagusa kitu, na watu wa Dar wenye iPhone unao. Hesabu wanaobonyeza, na zaidi wanaokujibu.

Pili hesabu ya jaribio. Unapata 16 kwenye 400, ni 4%. Tuseme ukurasa mmoja ungefika 6%, hayo ni mafanikio makubwa. Ili uwe na uhakika wa kawaida kwamba siyo bahati tu, unahitaji wageni karibu 1,900 kwa kila ukurasa. Wewe una 400 kwa kurasa zote, ni miezi 9 na zaidi. Mara laki na nusu kwa mwezi, piga mwenyewe. Huyo kijana akikuletea mshindi baada ya wiki mbili ujue amerusha shilingi. Ila kama mabadiliko ni makubwa kweli, mfano kutoka 4% mpaka 10%, wanatosha kama 280 kila upande, mwezi na nusu hivi. Kwa hiyo usipime rangi ya kitufe. Pima kitu kinachombadilisha mtu mawazo, yaani unampa nini.

Na kama programu yenyewe aliyokutajia ni Google Optimize, ilifungwa Septemba 2023, mwulize vizuri.

MicheTukuyu
Hakunitajia jina, nitamuuliza. Ila sasa kama wageni ni wachache si ndo nibusti wawe wengi?

Mnyalu_Ipogolo
Ukibusti sasa unalipia watu waje wasome "jiunge upate habari zetu" halafu waondoke. Tengeneza ahadi kwanza.

Neema_Njombe
Naomba niongee kama mteja maana mimi ndo haswa unayemtafuta, nafanya kazi Dodoma, shamba liko Njombe analiangalia mdogo wangu. Nimefungua ule ukurasa mrefu kwa linki uliyoweka kwenye profaili yako. Kwanza picha, ile ya juu ya kitalu imejifungua polepole kama mtu anavuta pazia, nimesoma meseji mbili nikarudi bado. Ukiituma hivyo kwa mtu aliyeko shamba huko Makete hawezi kusubiri. Pili, nikashuka mpaka kwenye fomu, simu ikanipendekezea imeli yangu, nikaigusa ikajaa, nikabonyeza Tuma, ikatokea nyekundu kwa Kiingereza kwamba imeli siyo sahihi. Nimeiangalia herufi kwa herufi, iko sawa kabisa. Nikaja kugundua simu imeongeza nafasi mwishoni baada ya com, nimefuta ile nafasi ndo ikakubali. Sasa ni wangapi wamefika hapo wakaacha? Tatu, nimejiandikisha na hakuna kilichokuja, siyo asante wala nini. Mpaka Jumanne nitakuwa nimesahau wewe ni nani.

MicheTukuyu
Dada hiyo ya nafasi sikuwahi kuijua kabisa! Nimejaribu kwa simu yangu sasa hivi ni kweli. Imeniuma sana, huu ukurasa uko hewani tangu mwaka jana.

kodi_uyole
Hilo la nafasi ni dakika tano kwa aliyekutengenezea, aiweke fomu iifute yenyewe kabla ya kukagua imeli. Picha ziwe chini ya KB 150 kila moja. Na imeli ya kukaribisha iende papo hapo, ndo wakati mtu anakukumbuka kuliko wakati wowote.

MamaKahawa_Mbozi
Si nilisema fupi.

Mnyalu_Ipogolo
Mama hapo tutatofautiana. Mwenye ekari moja na mwenye ekari kumi hawataki imeli moja, na anayejaza ekari ana shamba kweli. Mimi sasa hivi nauliza maswali manne, wanakuja wachache ila wananijibu.

MamaKahawa_Mbozi
Muulize akishaingia! Ukurasa wa asante uwe na swali moja, shamba lako liko wapi na ekari ngapi, anayetaka ajibu. Mlangoni unamhoji mgeni kama polisi. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, taarifa usiyokuwa na kazi nayo usiikusanye, na mtu ajue unaichukulia nini. Namba ya simu anaitumia kwa nini huyu wakati anatuma imeli?

MicheTukuyu
Kusema kweli sijawahi kumpigia hata mmoja. Naitoa leo.

Nimeandika ahadi mpya naomba mnisomee: "Kalenda ya parachichi mwezi kwa mwezi kwa mashamba ya Rungwe na Njombe, lini uweke mbolea, lini ukate matawi, na kila Jumanne bei ya shambani." Kalenda ninayo tayari ipo ukutani kitaluni nitaipiga vizuri.

Neema_Njombe
Hiyo ningeacha imeli bila kufikiria. Lakini Rungwe na Njombe mvua na baridi havifanani, ungetenga mbili, mtu achague yake.

Mwakaleli_Boy
Kalenda hiyo iweke na WhatsApp basi, hata sisi tulioko huku tuione. Na wewe miche unauzaje? Ninayo nafasi ya robo tatu ekari, migomba inazeeka.

MicheTukuyu
Uliobebeshwa 4,000, ukichukua zaidi ya 50 tunaongea. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 robo tatu ekari ni kama miche 60. Changanya na michache ya Fuerte, aina nyingine ya parachichi, maua yake yanafunguka zamu tofauti na ya Hass, yanasaidia kuchavusha.

Mnyalu_Ipogolo
Fuerte wanunuzi wengi wa kiwandani hawaipendi kama Hass, utakula na watoto. Huku Iringa wengi wanaweka Hass tupu.

MicheTukuyu
Kaka nani kakwambia, nyuki wako wapi hapo? Njoo Tukuyu nikuonyeshe safu mbili, moja ina Fuerte kila baada ya miche tisa na nyingine haina.

kodi_uyole
Na kijana wa laki na nusu umemjibu nini?

MicheTukuyu
Bado, kapiga mara mbili leo. Namwambia nini, nimpe hata mwezi mmoja?

Neema_Njombe
Mpe kazi ya kufuta ile nafasi kwanza. Na hiyo Fuerte kila baada ya tisa, Njombe kwenye baridi inakubali?