Msimu ni mvua au ni mavuno??

MamaMahindi: Jamani naomba kuuliza, niko Busia upande wa Uganda nauza mahindi, kuna mteja wangu wa Mwanza aliniambia "msimu ukianza nipigie" basi mimi mwezi wa tatu mvua ilipoanza kumwagika nikampigia mbio, akacheka sanaa, eti dada utaniuzia majani? Kumbe yeye alimaanisha mavuno. Sasa msimu ni nini hasa? Na neno lenyewe limetoka wapi?

DerevaWaMalaba: 😂😂 mteja hana makosa. Kwa wafanyabiashara msimu ni pale mali inapotoka, yaani kwako ni mwezi wa saba hivi. Ukitaka mvua sema msimu wa mvua, au masika, hiyo hamna wa kukucheka. Kuna msimu wa ligi, msimu wa maembe, kila kitu na wake

kijana_wa_masaka: msimu ni mmoja tu, wa senene, wale panzi wa kuliwa!! mataa makali, mabati yamesimamishwa ndani ya mapipa kuwanasa, watu hawalali. Waganda mwezi wa 11 wenyewe wanauita Musenene, mmesahau?

MzeeKibuli: Binti yangu, mimi nimezaliwa Pwani, huku Kampala nimekuja kuoa nikabaki. Kwetu msimu ni upepo kwanza kabla ya mvua. Kuanzia kama Disemba unavuma kaskazi, zamani majahazi yalikuwa yanashuka kutoka Arabuni na Bara Hindi, mabaharia wakauza tende na mazulia, halafu wakakaa wakingoja kusi, ikianza kuvuma kama mwezi wa nne ndio walirudi kwao. Hukuweza kubishana nayo, ulikuwa ukichelewa umelala Unguja mpaka mwakani. Hata kaskazini na kusini mnazosema kila siku zimetokana na majina ya pepo hizo. Kwa hiyo huyo mteja wako anasema kama nahodha, msimu ni wakati wa biashara.

Mwl_Arua: Shikamoo mzee. Niongezee, neno ni la Kiarabu, mawsim, na mzizi wake ni wasama, kutia alama kama vile mtu anavyochoma ngamia wake chapa. Kwa hiyo ni wakati uliotiwa alama, iwe hija, soko au safari. Waswahili walipolichukua ile m ya mwanzo wakaifanya ya kwao kama ya mti, ndio tukapata misimu. Sasa utamu uko hapa, Wareno nao walilisikia baharini wakalifanya monção, likazunguka Ulaya, halafu likaturudia kwenye vitabu vya jiografia kama pepo za monsuni. Neno moja limeingia mara mbili, mara ya kwanza kwa jahazi na mara ya pili kwa chaki. Ndio maana wanafunzi wangu wakiandika "msimu wa monsuni" huwa nacheka peke yangu

DerevaWaMalaba: na lugha ya vijana je, si inaitwa misimu pia?

Mwl_Arua: Ndiyo, wengine wanasema simo. Yanavuma kidogo yanapita.

MamaMahindi: Shikamoo mzee na asante mwalimu. Kwa Waganda ni rahisi zaidi, mvua za mwezi wa tatu ni toggo, za mwezi wa tisa ni ddumbi, imeisha. Huyo wa Mwanza leo nimemwandikia "kusi imevuma, lete lori", anauliza kusi ni nani 😅