Haidrati ya methani: mbona inakoma huko chini ambako mgandamizo ni mkubwa zaidi?

Msoma_Miamba
Wakuu, habari za jioni. Nasoma jiolojia mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba haidrati, yaani kitu kama barafu kilichonasa gesi ya methani ndani yake, hujijenga penye baridi na mgandamizo mkubwa. Sasa, ukizidi kushuka ndani ya mashapo (matope yaliyojilundika sakafuni mwa bahari) mgandamizo unaongezeka. Mbona haidrati inakoma mita mia na kitu tu chini ya sakafu ya bahari? Halafu mbona haijajaa kwenye vilindi vyote?

Bi_Matope
Mdogo wangu, joto ndilo linaloikata. Sakafuni maji yana nyuzi chache tu, lakini kila kilomita ya mashapo huongeza nyuzi 30 hivi. Mgandamizo unaongezeka, ila haufui dafu mbele ya joto hilo. Pale Hydrate Ridge, pwani ya Oregon, kilele cha kusini kiko chini ya mita 800 hivi za maji, na haidrati inaishia mita kama 120 ndani ya matope. Chini ya hapo gesi iko huru, ndiyo maana mawimbi ya sauti ya meli za utafiti hurudisha mwangwi mkali kutoka mpaka huo.

La pili: methani lazima iwe nyingi hadi maji ya kwenye matope yashindwe kuiyeyusha. Nyingi hutengenezwa na vijidudu vinavyokula mabaki ya viumbe. Katikati ya bahari kuu mabaki ni haba, kwa hiyo baridi ipo, mgandamizo upo, gesi hakuna. Na hata ikiwepo, karibu na sakafu vijidudu vingine huila kwa msaada wa salfeti, mojawapo ya chumvi za maji ya bahari, na kuacha matabaka magumu ya chokaa.

Mimi kazi yangu ni kupima maji yanayokamuliwa kwenye matope ya namna hii, na hapo ndipo napenda kuliko kote. Haidrati inapojijenga huikataa chumvi. Ikiyeyuka ndani ya bomba la sampuli, inaacha maji matamu katikati ya matope ya bahari! Tena inapoyeyuka hunyonya joto, kwa hiyo mwaka 2002, meli ya JOIDES Resolution ilipochimba Hydrate Ridge, watafiti walipitisha kamera ya joto juu ya mabomba mara tu yalipofika sitahani. Palipo na ubaridi, ndipo palipokuwa na haidrati.

Usiichukulie kama kitu kilicholala tu. Matope mapya yakijilundika juu, haidrati ya chini inajikuta kwenye joto, inaachia gesi, gesi inapanda kwenye nyufa na kuganda upya juu zaidi.

Mvuvi_wa_Data
Dada, na yale mapovu ya methani yanayotoka sakafuni mwa bahari karibu na Svalbard, visiwa vya Norway kule Aktiki? Si bahari imepata joto?

Bi_Matope
Wengi waliwaza hivyo mapovu yalipotangazwa mwaka 2009, na joto la maji ya chini huko bado ni la kufuatilia. Lakini utafiti uliotoka 2018 ulichimba pale na kukuta maji matamu, alama ya haidrati iliyokwisha yeyuka. Barafu nzito ya nchi kavu ilipoondoka, ardhi iliinuka, kina cha maji kikapungua, mgandamizo ukashuka. Uyeyukaji huo ulianza miaka kama 8,000 iliyopita.

Msoma_Miamba
Asante sana, dada. Hayo maji matamu mnayatofautishaje na maji ya chini ya ardhi yanayotoka nchi kavu?

Bi_Matope
Swali zuri. Tunapima isotopu za oksijeni, yaani aina zake nyepesi na nzito. Haidrati hupendelea oksijeni nzito, kwa hiyo maji yake yana utamu na uzito kwa pamoja. Ya mvua na ya barafu huwa mepesi.