Wasimamizi wa uzamili uhandisi mazingira, hizi tasnifu za biogesi mnazisaini vipi?

Wakuu, hili lazima lisemwe. Tasnifu za uzamili zinapita zikiwa na namba za methani zisizoweza kusimama, na wanaozisaini wanajua fika kipimo kinavyotakiwa kufanywa: malighafi kama kinyesi inachachushwa kwenye chupa na gesi yake inapimwa.

Ujazo wa gesi kwanza. Mtu yuko maabara ya Nairobi, anasoma mililita 400, anaandika 400. Jamani! Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, shinikizo la hewa ni kama kPa 83, chumba nyuzi 25. Ukirudisha kwenye nyuzi 0 na kPa 101.3, hali sanifu ya kulinganishia, zinabaki kama 300, na mvuke wa maji hujautoa bado. Robo nzima haipo! Halafu namba hiyo inawekwa jedwali moja na za Ujerumani zilizokwisha kusahihishwa, na hitimisho linasema kinyesi chetu kina gesi zaidi. Akija mhandisi kuitumia kusanifu mtambo wa shule, jiko linazimika maharage hayajaiva.

Chupa za tope tupu nazo hazionekani. Tope la mbegu, yaani lenye vijidudu vya kuanzishia uchachushaji, linatoa gesi yake lenyewe, kwa hiyo liache nyuzi 37 siku kadhaa bila kulishwa, kisha weka chupa tatu za tope peke yake ili gesi hiyo uitoe kwenye hesabu. Tatu nyingine ziwe za tope na selulosi, ambayo gesi yake inajulikana. Kinadharia inatoa mililita 414 za methani kwa gramu ya VS (yabisi tete, yaani sehemu ya kikaboni). Ukipata chini ya 340, ama tope limechoka ama vizibo vinavuja, rudia. Tope liwe mara mbili ya sampuli kwa VS, siyo kwa uzito wa ndoo. Sampuli ikizidi, asidi inajaa, pH inashuka, methani inakatika, na mtu anaandika eti malighafi haifai.

Kinachokera kupita vyote ni muda. Kipimo kinafungwa gesi ya siku ikiwa chini ya 1% ya jumla kwa siku 3 mfululizo. Mabua yanaweza kupita mwezi. Ratiba inatoa wiki tatu, umeme ukikatika usiku maji ya kupashia chupa yanapoa, jenereta hakuna, na ada ya maabara imeshalipwa!

Wasimamizi mliomo humu, jibuni: tasnifu isiyo na shinikizo la siku ya kipimo, tope tupu wala selulosi, kwa nini hamuirudishi maabara?