MREJESHO: Spika zangu zilizokuwa zinakoroma, Mtwara

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini spika zangu za bei zinakoroma kwenye besi. Mliosema nifungue wavu nitazame pete ya sponji inayoshika koni (ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti), mlipatia: ilikuwa inapukutika mikononi. Unyevu wa pwani huila sponji hiyo hata spika zisipopigwa.

Sikununua koni mpya. Fundi wa hapa Shangani amebandika pete za mpira, na kukoroma kumekwisha. Mpira ni mgumu kidogo, kwa hiyo besi ya chini kabisa imepungua, naikubali.

Twita ya kushoto (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) nayo ilikuwa haitoi sauti, na kusafisha kutu ya waya hakukusaidia. Fundi kaipima, koili (waya mwembamba uliozungushwa ndani yake) imekatika. Natafuta twita nyingine. Maboksi yenyewe bado imara kabisa.

Asanteni sana, mmeniokolea pesa nyingi.