Mjadala: Vidya Vox na wenzake wanaupeleka mbele muziki wa Karnatiki au wanaumaliza?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Tulijadili hili bila matusi tafadhali.

Vidya Iyer, anayejulikana zaidi kama Vidya Vox, alizaliwa Chennai, akalelewa Virginia nchini Marekani, na tangu utotoni alifundishwa kuimba Karnatiki, yaani muziki wa kale wa India ya Kusini. Mwaka 2015 alifungua chaneli yake ya YouTube. Akawa anachukua wimbo wa pop wa Marekani, anaufuma pamoja na wimbo wa Kihindi, Kitamil au Kimalayalam, na watu wakamiminika kwa mamilioni. Mwaka 2017 akatoa EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo zake mwenyewe, Kuthu Fire. Wapo wanaosema amewarudishia vijana wa ughaibuni muziki wa bibi zao. Wengine wanasema sanaa inayotaka miaka mingi ya kukaa chini mbele ya guru, yaani mwalimu, ameigeuza kiungo cha kunogesha biti.

Msimamo wangu nautoa mapema: hoja ya usafi haina miguu. Nenda leo kwenye tamasha la Karnatiki, utamkuta mpiga fidla ameketi sakafuni, kichwa cha fidla kimeegemea kifundo cha mguu wake, tena hakuna anayeshtuka. Fidla imetoka Ulaya. Anayetajwa kuiingiza ni Baluswami Dikshitar, kwenye karne ya 19. Kaka yake, Muthuswami Dikshitar, ni mmoja wa watunzi watatu wanaoheshimiwa kuliko wote katika muziki huo, naye alitunga mashairi ya Kisanskriti juu ya tuni za bendi za Waingereza, mojawapo ikiwa tuni ya wimbo wa taifa wa Uingereza! Sasa anayetaka kumshitaki binti wa Virginia aanze na mzee huyo.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, unachanganya mambo. Fidla ilipoingia ilitii. Haina vizuizi shingoni, kidole kinateleza popote, kwa hiyo inaweza kumfuata mwimbaji hatua kwa hatua. Karnatiki roho yake ni gamaka, ule mtikiso na mtelezo wa sauti. Noti haisimami kama nguzo, inapanda na kushuka kabla haijatua. Chukua chombo kisichoweza kuteleza uone vita yake. Harmonia, kile kinanda cha kusukuma upepo kwa mkono, nayo ilitoka Ulaya, na redio ya taifa ya India iliipiga marufuku kuanzia 1940 hadi 1971. Siasa ya kuchukia vitu vya mkoloni ilikuwemo, sikatai, lakini hoja ya kimuziki ilikuwa hiyohiyo: vidude vyake vinatoa sauti iliyoganda.

Kinanda cha pop ni harmonia iliyochomekwa umeme. Ukishaweka chini sauti tatu zinazopigwa kwa pamoja, mwimbaji lazima anyooke, la sivyo atasikika ametoka nje. Halafu prodyuza anapitisha kompyuta ya kunyoosha sauti, na kile kidogo kilichobaki kinapigwa pasi.

MLETA MADA

Hii ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri, maana inagusa ufundi. Ila tuifuate hadi mwisho.

Si raga zote, yaani mitindo ya noti ambayo wimbo unajengwa juu yake, zinagombana na kinanda. Shankarabharanam ngazi yake ni ileile ya do-re-mi tuliyofundishwa kwaya. Mohanam ina noti tano tu, hata mtu asiyewahi kusikia Karnatiki ataidaka baada ya dakika mbili. Sasa chukua Todi, ambayo noti zake karibu zote zinatikiswa. Iwekee sauti tatu za kinanda chini yake uone itakavyobabaika. Kwa hiyo mwanamuziki wa pop anachagua zile zinazokubali. Na si yeye wa kwanza: zile tuni za Waingereza Dikshitar alizitungia zote ndani ya Shankarabharanam. Aliona mlango uko wapi akapita hapo.

Midundo nayo ni hivyohivyo. Tala ni mzunguko wa mapigo, na Adi tala ina manane: kofi moja pajani, kisha unahesabu kidole kidogo, cha pete, cha kati, halafu kofi, unageuza kiganja, kofi, unageuza. Inakaa vizuri kabisa juu ya biti ya nne-nne. Lakini tala ya mapigo saba utaisikia wapi kwenye pop?

Hapo ndipo ninapoona hasara. Anachokiimba hakijachafuka. Tatizo ni yale yasiyoimbwa. Kijana akiujua muziki huu kwa njia hii peke yake, atazijua raga chache zenye tabia njema na kudhani amemaliza.

MCHANGIAJI WA PILI

Biti kali, sauti tamu. Nyie mnataka nini tena?

MCHANGIAJI KUTOKA MOMBASA

Ndugu zangu, sisi wa Pwani hatuna ubavu wa kulaumu. Siti binti Saad mwaka 1928 alipanda meli na wenzake kutoka Unguja wakaenda Bombay kurekodi santuri. Hapa Mombasa Juma Bhalo alijenga jina kwa tuni za filamu za Kihindi akizivika maneno ya Kiswahili, tabla na harmonia zikilia nyuma. Wapo walionuna kwamba yule anaiga, si taarabu hiyo. Lakini nenda arusini leo uone nani ataketi nyimbo zake zikipigwa. Kwa mwambao huu, Uhindi umo ndani ya nyumba zamani.

Ila nami nina langu. Bhalo tunamtaja kila siku. Yule fundi wa Bombay aliyeitunga ile tuni hatumtaji hata kidogo.

MCHANGIAJI WA NNE

Mbona hamumtaji Sid Sriram? Naye mzaliwa wa Chennai, amekulia California, mama yake ndiye mwalimu wake wa Karnatiki. Anaimba matamasha kamili ya Karnatiki huko Chennai, anaimba filamu, halafu anatoa albamu kama Entropy ya 2019 ambayo ni pop na R&B. Akichanganya, anajua anachoacha. Kwangu mimi huo ndio uungwana.

Halafu tusijifanye hatujui siasa ya kumbi zenyewe. M. S. Subbulakshmi, mwimbaji wa Karnatiki na mwanamke wa kwanza kupewa Sangita Kalanidhi, ile tuzo kubwa ya Music Academy ya Chennai, mwaka 1968, alitoka kwenye ukoo wa devadasi, wanawake wa kuimba na kucheza hekaluni ambao jamii iliwadharau huku ikiupenda muziki wao. Mwaka 2024 tuzo hiyohiyo alipewa mwimbaji T. M. Krishna, anayelalamika kwa miaka mingi kwamba kumbi hizo zimetawaliwa na Wabrahmini, tabaka la juu la Wahindu. Waimbaji Ranjani na Gayatri, ambao ni ndugu, wakajitoa kwenye mkutano wa Music Academy wa mwaka huo kwa kumpinga. Anayepiga kelele za "usafi" aulizwe kwanza ni usafi wa noti au wa nasaba.

MLETA MADA

Asante kwa hilo, na wa Mombasa amenipeleka ninapotaka. Mfano halisi: Kuttanadan Punjayile. Vidya Vox aliurudia na kuutia maneno ya Kiingereza, ukatambulishwa kama wimbo wa mashua wa Kerala, na walioufahamu kwa njia hiyo wengi wanaamini ni wa jadi, hauna mwenyewe. Mahadhi ya wapiga makasia ni ya jadi kweli. Wimbo wenyewe lakini umetoka kwenye filamu ya Kimalayalam, Kavalam Chundan ya 1967. Maneno ni ya Vayalar Ramavarma, muziki ni wa G. Devarajan, aliyeimba ni Yesudas. Vayalar alifariki 1975, na sheria ya India inalinda kazi kwa miaka 60 baada ya mtunzi kufa. Hesabu mwenyewe.

Simshitaki kwa wizi, maana sijui makubaliano yao. Ninachosema ni kwamba ukitaka kumbana msanii huru, mbane hapo: majina ya mtunzi, mwandishi wa maneno na raga yaandikwe mahali msikilizaji atayaona.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Jina halilipi ada ya shule, mkuu.

MLETA MADA

Halilipi, lakini bila jina hata dai halianzi. India ilirekebisha sheria yake mwaka 2012 ili mwandishi na mtunzi wa nyimbo za filamu wasiweze kulazimishwa kuuza haki yao ya mrabaha kwa prodyuza. Familia inayotaka kudai chochote YouTube itaanzia wapi, kama wimbo wa baba yao dunia nzima inauita "wa jadi"? Mchangiaji wa Mombasa, nawe tuletee zile tuni za Bombay unazozikumbuka, filamu gani na mtunzi nani, tuanze kuziorodhesha hapahapa.