Ushauri: Nimwonyeshe mwanangu RoboCop, filamu niliyoipenda utotoni, au nisubiri?

Mtoto wa Kirumba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, lakini mimi limeninyima usingizi kwa siku nne.

Mwaka 1995 nilikuwa na umri wa miaka 11, nasi tulikuwa tukikaa Kirumba, hapa Mwanza, jirani na mwalo. Jumamosi jioni, baada ya kumsaidia mama kuanua dagaa, nilikimbilia banda la video, ambamo mkalimani aliketi kando ya televisheni akitueleza kwa Kiswahili yote yaliyokuwa yakitendeka. Huko ndiko nilikoiona RoboCop, filamu ya mwaka 1987 iliyoongozwa na Mholanzi Paul Verhoeven. Inamhusu Alex Murphy, polisi wa Detroit aliyeuawa na majambazi, kisha akarudishwa kazini akiwa nusu mtu, nusu mashine. Sisi tulimwita Polisi Chuma. Nilimtazama mara zisizopungua sita, na hadi leo naweza kuuigiza mwendo wake.

Juma lililopita niliitazama tena, peke yangu, watoto wakiwa wamelala, nikakuta filamu ambayo sikuwahi kuiona. Zile taarifa za habari na matangazo ya biashara yanayokatiza hadithi, mkalimani wetu alikuwa akiyapita tu, kwa hiyo sikujua kamwe kwamba polisi wa mji ule wanaendeshwa na kampuni, na kwamba kampuni hiyo hiyo inataka kuubomoa mji mkongwe ili ijenge mwingine juu yake. Kuna mahali wataalamu wanasema wamefanikiwa kuuokoa mkono wa kushoto wa Murphy, na bosi mmoja anaamuru uondolewe, kwa sababu walikwisha kubaliana kwamba mwili wote uwe wa bandia. Mwenzake anamhakikishia kwamba Murphy alitia saini karatasi alipojiunga na polisi, tena kisheria ni marehemu, hivyo wanaweza kumfanya karibu lolote watakalo. Hapo niliisimamisha filamu nikatoka nje.

Sasa mwanangu ametimiza miaka 11. Anaijua hadithi yote kwa masimulizi yangu na kila siku ananidai ahadi. Nimwonyeshe, au nisubiri?

Mwalimu wa Igoma

Ndugu yangu, subiri. Nchini Marekani kwenyewe, waliopewa kazi ya kupanga madaraja ya filamu waliipa hii daraja la X, yaani la watu wazima tu, mara kadhaa, na ni baada ya Verhoeven kupunguza vipande vya damu ndipo ilipopewa daraja la R, ambalo kwao lina maana kwamba aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Hata ilivyopunguzwa, Murphy anapigwa risasi ya mkono hadi kiganja kinasambaratika, huku wauaji wakicheka. Ninafundisha watoto wa umri huo, na ninajua kwamba picha kama ile inakaa kichwani muda mrefu kuliko maelezo yoyote utakayompa baadaye. Ulipoiona ukiwa mdogo hukuwa na mtu wa kukuuliza kama umeogopa. Usiuchukue ukimya wako wa siku zile kuwa ushahidi kwamba haikukudhuru.

Mzee wa Mwaloni

Mwanangu, kazi ya ukalimani wa video niliifanya hapa Mwanza kwa miaka mitatu, kwa hiyo naomba nimtetee huyo aliyekutafsiria. Kanda zilizotufikia zilikuwa nakala ya nakala, sauti ilizama chini ya ngurumo za jenereta, na watangazaji wa habari kwenye filamu ile wanasema haraka mno. Mtu akikaa dakika moja bila kuona ngumi wala bunduki, ukumbi ulianza kupiga mbinja. Tulipita tulipolazimika kupita.

Lakini pale Murphy anapoingia katika nyumba yake ya zamani, akaikuta tupu, imewekwa sokoni, na kumbukumbu za mkewe na mwanawe zikamjia chumba kwa chumba, mimi sikutafsiri neno. Nilinyamaza, na banda zima lilinyamaza pamoja nami. Ushauri wangu ni kwamba uketi na mtoto uwe mkalimani wake: pa damu pitisha haraka, na yale tuliyoyaruka sisi, wewe usiyaruke.

Mama Wawili, Nyakato

Shikamoo mzee. Ninaheshimu uliyosema, ila kwa upande wangu damu si hofu ya kwanza. Hofu yangu ni kwamba mtoto ataipenda bunduki peke yake, kama kaka hapo juu alivyoipenda, na yale ya kampuni yatampita hata akielezwa, kwa kuwa bado hajafanya kazi kwa mtu yeyote. Kaka, naomba nikuulize jambo moja: kwa nini ulitoka nje pale penye karatasi na mkono?

Mtoto wa Kirumba

Dada, asante kwa kuuliza. Baba yangu alikuwa mkata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja hapa mjini, na mwaka uliotangulia mashine ilikuwa imemkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alipodai fidia alionyeshwa karatasi aliyoitia saini siku ya kuajiriwa, akarudi nyumbani na nauli ya daladala.

Kuna Jumamosi moja alikuja bandani kunitafuta kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Nilimwona amesimama mlangoni, nikajiandaa kwa kipigo, lakini hakuniita. Alibaki amesimama hadi mwisho, pale mzee wa kampuni anapomuuliza polisi jina lake, naye anajibu "Murphy". Tulirudi nyumbani bila kuzungumza. Baba alisoma hadi darasa la kumi na Kiingereza alikisikia vizuri; bila shaka alisikia yale ambayo mkalimani hakuyasema.

Mzee wa Mwaloni

Baba yuko hai?

Mtoto wa Kirumba

Yuko hai, mzee, anakaa Magu. Nimeamua mwanangu asubiri kwanza, kama mwalimu alivyoshauri. Jumamosi nitakwenda Magu na kompyuta yangu, niitazame pamoja na baba, na safari hii nitamwomba yeye anitafsirie.