Hilux ya Matamba: LN106 ya zamani au Vigo?

Kijana_wa_Kitulo
Wakuu, shikamooni mliotutangulia. Nalima viazi huku Matamba, milimani Makete, na nimechoka kukodi gari, nataka Hilux yangu ya mtumba. Wazee hapa wanaapa kwamba LN106, ile ya zamani, ndiyo Hilux ya mwisho ya kweli. Vijana wenzangu wanasema Vigo, Hilux iliyokuja baadaye. Toyota walibadilisha nini hasa mpaka watu wabishane hivi?

Fundi_Mbalizi
Marahaba mwanangu. Zote hizo nimezifungua na nazipenda, kwa hiyo nivumilie.

Hilux ya kwanza, ya 1968, ilitoka kiwanda cha Hino kule Hamura, Japani, na haikuwa gari ya milima: petroli lita 1.5, inasukumwa na tairi za nyuma tu. Foo-wili, yaani inayosukumwa na tairi zote nne, ilikuja 1979, ikiwa na ekseli ya mbele nzima, imekalia springi za majani kama lori. Mwaka 1985 walianza kuweka mfumo ambao kila tairi la mbele linacheza peke yake, lakini masoko kama yetu yaliendelea kupata ekseli nzima. LN106 ya 1988 ni ya ukoo huo. Wazee wako wanapenda hicho: jani likivunjika porini, fundi yeyote mwenye nyundo na boliti anakufikisha Chimala kule chini. Na injini yake, 3L ya lita 2.8, haina kompyuta.

Ila haina tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi. Huku juu hewa ni nyepesi. Kila ukipanda mita 1,000 injini ya namna hiyo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu, na uwanda wa Kitulo uko juu ya mita 2,500. Nguvu zake za farasi 90 hivi zikifika huko hazifiki hata 70.

Vigo ilianza 2004, lakini sikiliza vizuri: si kila Vigo ina tabo! Soma namba ya chesisi. KUN25 ni lita 2.5 na KUN26 ni lita 3.0, zote zina tabo na komonreli, yaani bomba moja la presha linalogawia nozeli zote dizeli. LAN25 ina injini ya 5L-E, lita 3.0, ndugu wa ile 3L, haina tabo. Komonreli husukuma dizeli kwa presha kubwa mno kupitia vitundu vidogo sana vya nozeli. Ukiweka dizeli ya madumu yenye maji na uchafu, nozeli zinakufa, na hizo hazichongwi kijijini. Kama utajaza kituoni Chimala kila mara, chukua KUN25. Kama utategemea madumu, tafuta LAN25.

Revo ya 2015, Hilux iliyofuata Vigo, zile zenye injini mpya ya GD zimeacha mkanda wa taimingi (unaozungusha vali za injini), zinatumia cheni. Hilo limenifurahisha sana, ila bei yake mnaijua. Nyingine zote nilizotaja kwenye dizeli ni mkanda. Badilisha mkanda huo kabla hujapakia gunia hata moja.

Mama_Lumbesa
Fundi, heshima yako, lakini mlima umeuhesabu upande mmoja. Viazi vinashuka! Zile kona 57 za kwenda Chimala tunazishuka na mzigo; kupanda ni mbolea, tena kwa msimu. Mimi ningeanza na breki. Gari yangu niliongezewa majani nyuma ibebe zaidi, na tangu siku hiyo nyuma hazishiki kabisa, mbele zinanuka.

Fundi_Mbalizi
Mama, hapo umenena, tena kijana asome hili mara mbili. Hilux nyingi hizi zina valvu ya breki inayosoma mzigo, imeunganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Bodi ikilala, fimbo inasogea na breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Ukiongeza majani, bodi hailali tena, valvu inadhani gari ni tupu, kazi yote inaangukia mbele. Fimbo irekebishwe upya, usikubali mtu aizibe. Na mzigo wake ni tani moja, Mama. Ukishuka, weka gia ndogo toka juu, usisubiri kona.

Kijana_wa_Kitulo
Asanteni sana. Kuna KUN25 Uyole, naenda kuiona Jumamosi.

Fundi_Mbalizi
Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwanza. Ukiikuta ya moto, ondoka. Nozeli mbovu zinagonga na kutoa moshi mweupe asubuhi ya baridi, ikishapata joto zinanyamaza.

Mama_Lumbesa
Na uende na mtu wa kulala chini aangalie hiyo fimbo.